Mpaka Uko Wazi, Hasara Ni Yako: Mwongozo Kamili wa Kuuza Mahindi Nje ya Nchi

Mkulima wa Namtumbo au Sumbawanga akisikia kwamba serikali imeruhusu mahindi kwenda nje, swali lake la kwanza huwa ni bei. Swali zuri, ila linakuja mapema mno. Kabla ya bei kuna mengine: mahindi yako yana unyevu asilimia ngapi? Sumukuvu kiasi gani? Una tani ngapi za ubora mmoja? Lori likikwama Namanga, mpakani na Kenya, siku saba, nani analipa? Zamani maswali hayo yalikuwa ya serikali. Sasa ni yako, na asiyekuwa na majibu humwachia dalali ayajibu, kwa bei ya dalali.

Mwongozo huu ni kwa mkulima wa mahindi wa Tanzania, hasa wa Nyanda za Juu Kusini, na kwa viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) na vikundi wanaotaka kuuza Kenya, Zambia, Kongo au Burundi bila kupitia mikono mitano. Anayelima mpunga au mtama atapata mengi ya kumfaa, ingawa viwango vitatofautiana.

Hatua ya 1: Jua maana ya soko huria kabla hujalishangilia

Vyama vikuu vya ushirika vilipofutwa mwaka 1976, Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, ndilo lililonunua nafaka vijijini, kwa bei moja nchi nzima. Aliye Rukwa alilipwa sawa na aliye jirani na Dar es Salaam, na gharama ya umbali ilibebwa na shirika. Mfumo huo ulianza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na kufikia miaka ya 1990 mfanyabiashara binafsi alikuwa huru kununua na kusafirisha. Leo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, CPB, wananunua kama wanunuzi wengine sokoni, ingawa wana mifuko mikubwa zaidi.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Australia iliondoa ukiritimba wa kuuza ngano nje mwaka 2008, na Kanada ikafanya vivyo hivyo kwa ngano na shayiri za majimbo yake ya magharibi mwaka 2012. Huko nako kazi ya kutafuta mnunuzi na kubeba hatari ya bei ilihama kutoka kwa bodi ikatua kwa mkulima.

Kwetu kuna nyongeza moja: mlango hufunguliwa na kufungwa. Mwaka 2011 uuzaji wa mahindi nje ulizuiwa, kisha ukaruhusiwa. Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku tena, akataka anayetaka kuuza nje asage unga. Tarehe 5 Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti. Mwaka 2023 Tanzania ilikaza vibali na usajili wa wanaosafirisha nafaka, malori yakapanga foleni. Mwishoni mwa mwaka huohuo Malawi ilikataa mahindi yasiyosagwa kutoka Tanzania na Kenya ikihofia ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi shambani.

Kwa hiyo panga kila msimu ukijua kwamba mpaka unaoutegemea unaweza kufungwa kabla mzigo wako haujafika. Ukianza hapo, hatua nyingine zote zitakuwa na maana.

Hatua ya 2: Chagua soko kabla ya kuvuna

Masoko ya nje hayafanani, na mahindi yanayofaa huku yanaweza kukataliwa kule.

Kenya ndiyo inayolipa vizuri mara nyingi, na ndiyo yenye macho makali zaidi. Mavuno yao makubwa ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huanza kuingia sokoni karibu na Oktoba. Sisi wa kusini tunavuna kati ya Mei na Agosti, wakati maghala yao yamepungua. Dirisha hilo ndilo lako. Anayefika na mzigo Novemba anashindana na mkulima wa Kitale asiyelipa nauli ya kilomita elfu moja.

Zambia huwa na mahindi yake mengi mwaka wa mvua nzuri, na hapo hakuna biashara ya kuzungumza. Mwaka wa ukame mambo hugeuka. Mwaka 2024, baada ya El Niño kuunguza mashamba yao, NFRA iliingia makubaliano ya kuiuzia Zambia tani 650,000. Mkulima wa Mbozi anayefuatilia mvua za jirani mwezi Januari na Februari anajua mapema kuliko redio kama mpakani Tunduma kutakuwa na wateja.

Kongo ina njia mbili. Ya kwanza ni ya barabara, Tunduma hadi Kasumbalesa na Lubumbashi, ndefu na yenye nchi ya tatu katikati. Ya pili ni Ziwa Tanganyika, kupitia Kasanga au Kigoma kuelekea Moba, Kalemie na Uvira. Wateja wa huko wengi hupenda unga kuliko punje, hivyo kikundi chenye mashine nzuri ya kukoboa na kusaga kina nafasi. Tena unga hupita pale punje zinapozuiwa, kama Malawi ilivyoonyesha.

Burundi na Rwanda zinafaa kwa mzigo mdogo na mwendo mfupi, hasa kwa wakulima wa Kagera na Kigoma.

Ushauri wangu: chagua soko moja kuu na jingine la akiba, kisha uwe na mnunuzi wa ndani kama kimbilio. Bei ya ununuzi ya NFRA ikitangazwa, iandike mahali. Hiyo ndiyo sakafu yako. Ofa ya nje isiyoizidi kwa kiasi cha kulipia usumbufu haistahili hata simu ya pili.

Hatua ya 3: Tengeneza ubora ungali shambani

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo mizigo mingi hufia, miezi kadhaa kabla ya mpaka.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu ya jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile kali zaidi iitwayo B1 isizidi 5. Kuna pia sumu nyingine ya kuvu, fumonisini, isiyotakiwa kuzidi sehemu 2 kwa milioni. Halafu yanakuja madaraja: uchafu, punje zilizovunjika, zilizooza, zilizobunguliwa. Daraja la kwanza linavumilia uchafu wa nusu asilimia tu, yaani nusu kilo katika gunia la kilo 100.

Sumukuvu haionekani kwa jicho, hainuki, na haiondolewi kwa kuosha, kuanika, kufukiza wala kusaga. Si suala la biashara tu. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Afisa wa mpakani anayechelewesha lori lako kwa ajili ya kipimo anakumbuka hayo, hata kama wewe unamwona mkorofi.

Kinga huanza mahindi yakiwa bado kijani. Kuvu anayetoa sumu hustawi kwenye mmea uliopata kiu na uliotobolewa na wadudu, kwa hiyo kupanda kwa wakati na kudhibiti viwavijeshi ni sehemu ya kinga. Ipo pia Aflasafe iliyosajiliwa Tanzania: punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ileile asiyetoa sumu, ambaye humzidi nguvu yule mbaya. Humwagwa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, ardhi ikiwa na unyevu. Ukimwaga kwenye vumbi kavu umelisha ndege. Kwa maeneo ya joto na ukame kama Kiteto, Kongwa na Kondoa ningeiweka kwenye bajeti bila kusita. Kwa Njombe yenye baridi ningeangalia kwanza matokeo ya vipimo vya msimu uliopita.

Vuna mapema. Pukuchua punje moja uitazame chini, pale inaposhika kwenye gunzi. Ukiona doa jeusi, punje imekomaa na haipokei tena chakula kutoka kwenye mmea. Kuyaacha yakaukie shambani hadi Agosti kwa sababu kazi ni nyingi na vibarua ni wachache ni kuyakabidhi kwa mdudu dumuzi na mvua ya ghafla.

Chambua kabla ya kupukuchua. Magunzi yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kuliwa na wadudu yatengwe, na yasipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita kwenye maziwa. Kazi hii wanaidharau wengi, lakini sumukuvu hukaa kwenye punje chache mbaya sana. Gunzi moja lililooza likipita kwenye mashine linatosha kuharibu jibu la gunia zima.

Anika juu ya turubai au kichanja, si chini na si kando ya lami. Tumia mashine ya kupukuchua badala ya kupiga kwa fimbo kwenye gunia. Fimbo huvunja punje, na punje iliyovunjika ni chenga kwa mnunuzi na mlango kwa kuvu.

Unyevu upimwe kwa kifaa. Kile kipimo cha chumvi kwenye chupa kavu, unatikisa na kuangalia kama chumvi imeganda kwenye kioo, kinakuambia tu kama umepita takriban asilimia 15. Kwa chakula cha nyumbani ni mwanzo mzuri. Kwa soko linalotaka 13.5 hakitoshi. Kikundi kinunue kipima unyevu kimoja, kikabidhiwe mtu mmoja, na kilinganishwe na cha ghala la serikali au la mnunuzi kila mwanzo wa msimu.

Fahamu pia kwamba kukausha kunapunguza uzito. Tani moja yenye unyevu wa asilimia 18 ikishuka hadi 13.5 hubaki kilo 948. Kilo 52 zilizopotea ni maji, na hakuna mnunuzi makini anayelipia maji. Ukiwa unakusanya kutoka kwa wanachama, bei ya mahindi mabichi lazima ihesabu hilo tangu mwanzo, vinginevyo kikundi kitaona upungufu ghalani na watu wataanza kumtazama mtunza stoo kwa jicho baya.

Kuhifadhi: mifuko isiyopitisha hewa, kama PICS, hufanya kazi nzuri dhidi ya dumuzi, yule ambaye wazee wengine bado wanamwita Skania. Sharti ni mahindi yawe makavu kwanza. Ukifungia yenye unyevu umeyapikia kuvu. Ufukizaji wa magunia ghalani uachiwe mtaalamu mwenye leseni; gesi ile imewahi kuua familia zilizolala chumba kimoja na magunia.

Hatua ya 4: Unganisha mzigo

Semitrela moja hubeba karibu tani 28 hadi 30. Mkulima wa ekari tatu hawezi kuijaza peke yake, na mnunuzi wa nje hataki kuongea na watu arobaini. AMCOS au kikundi kilichosajiliwa ndiyo njia, mradi sheria ya kupokea iandikwe na isimamiwe: kila gunia linapimwa unyevu na kuchomwa bambo, chuma cha kuchotea sampuli, mbele ya mwenye mali, lisilofaa linarudi nyumbani siku hiyohiyo, hata kama ni la mwenyekiti. Hasa kama ni la mwenyekiti.

Panga mahindi kwa makundi ya ubora. Tani 30 zenye daraja la pili zote zina bei. Tani 30 zenye 10 za daraja la kwanza, 15 za la pili na 5 za ovyo zina bei ya zile 5.

Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, iachwe. Wakala wa Vipimo wanaikamata, na kwa vyovyote vile inakupunja wewe. Fungasha kilo 50 kwa mfuko, shona, na andika namba ya kundi na ya mwanachama. Namba hiyo itakuokoa siku mfuko mmoja ukikutwa na mawe ndani: utajua ni wa nani, badala ya kikundi kizima kukatwa.

Hatua ya 5: Pima kabla hujapakia

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kusubiri kipimo cha mpakani. Huko kikikataa, umeshalipa nauli.

Kwa kuwa sumukuvu haijasambaa sawasawa, sampuli ya kiganja kimoja kutoka gunia la juu ni kujidanganya. Chukua bambo, choma magunia mengi ya juu, ya katikati na ya chini, changanya zote kwenye turubai safi, gawa mafungu manne, ondoa mawili yanayotazamana, changanya tena, hadi ubaki na kama kilo tano. Zigawe mara tatu: moja ya maabara, moja ya mnunuzi, moja ibaki kwako imefungwa kwa lakiri na saini za pande zote. Siku mnunuzi akidai mzigo si ule alioahidiwa, ile ya tatu ndiyo shahidi wako.

Peleka maabara inayotambuliwa na nchi unakokwenda. Muulize mnunuzi jina la maabara ambayo cheti chake kinakubaliwa na mamlaka za kwao, kisha ndiyo ulipie. Watu wamelipia vipimo viwili kwa mzigo mmoja kwa kutouliza swali hilo.

Hatua ya 6: Piga hesabu kwa kilo, usipige kwa gunia

Hapa ndipo Mtanzania anapoibiwa bila mtu kuvunja sheria. Kenya bei ya gunia ni ya kilo 90. Sisi gunia letu ni kilo 100. Dalali akisema "elfu tatu na mia sita gunia" halafu akapokea magunia yako 300 ya kilo 100, umempa kilo 10 kila gunia, tani 3 za bure kwenye lori moja. Kila bei igeuze iwe ya kilo kabla ya kujibu.

Tufanye mfano. Namba hizi ni za kufundishia, weka zako. Bei ya shilingi 3,600 za Kenya kwa kilo 90 ni shilingi 40 kwa kilo. Ukibadilisha kwa shilingi 20 za Tanzania kwa moja ya Kenya, unapata 800 kwa kilo ikishushwa kwenye kinu cha mnunuzi. Sasa toa. Mahindi kwa mkulima 500. Mifuko 20. Kuchambua, kushona na kupakia 20. Nauli 120. Ushuru wa halmashauri na vibali 25. Maabara na wakala wa forodha 15. Upungufu wa uzito njiani na ghalani, asilimia 3 ya bei ya kununulia, 15. Jumla 715. Inabaki 85 kwa kilo, yaani shilingi 2,550,000 kwa lori la tani 30.

Inavutia. Sasa lori likwame mpakani siku saba, mwenye gari adai 150,000 kwa siku: 1,050,000 zimeondoka. Wakati umekwama, malori mengine yameingia na bei imeshuka kwa shilingi 200 za Kenya kwa gunia. Hiyo ni karibu 44 za Tanzania kwa kilo, kwa tani 30 ni kama 1,330,000. Umebaki na laki moja na sabini hivi, kabla hujalipa kitanda cha nyumba ya wageni Namanga.

Kwa hiyo usiulize tu "faida ni kiasi gani?" Uliza "nikichelewa wiki moja na bei ikashuka kidogo, bado nipo?" Kama jibu ni hapana, uza soko la ndani kama Kibaigwa au kwa NFRA ulale usingizi.

Thamani ya fedha nayo inacheza. Ukikubaliana bei kwa shilingi za Kenya na kulipwa baada ya mwezi, umebeba hatari ya ubadilishaji. Kwa wanaoanza, malipo yawe karibu na siku ya kupakia iwezekanavyo.

Hatua ya 7: Karatasi

Utaratibu hubadilika msimu kwa msimu, kwa hiyo hakiki kwa afisa kilimo wa halmashauri na kwa wakala wa forodha kabla ya kufunga mkataba. Vilivyo vya kawaida ni hivi:

- Biashara au chama kilichosajiliwa, TIN na leseni. Bila hivi kibali hakiombwi.
- Kibali cha kusafirisha nafaka nje, kinachoombwa Wizara ya Kilimo kwa mfumo wa mtandao wa ATMIS. Mdhibiti wa nafaka ni COPRA, na huko ndiko kwa kuulizia usajili wa wanunuzi na wasafirishaji.
- Cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Hiki hutolewa kufuata masharti ya nchi inayopokea, ndiyo maana mnunuzi wa Kenya lazima awe amepata mapema kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, mamlaka ya afya ya mimea ya kwao, na nakala yake ikufikie.
- Cheti cha mionzi kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki.
- Cheti cha ubora na majibu ya sumukuvu.
- Cheti cha uasili wa bidhaa, kinachothibitisha mahindi yametoka nchi gani.
- Stakabadhi ya ushuru wa halmashauri.
- Tamko la forodha, ambalo wakala huliandaa.

Cheti cha uasili ndicho watu wanachokisahau. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 50. Ya ndani yenye cheti hupita bila ushuru huo. Mzigo mdogo wa Canter usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kutumia cheti chepesi kinachotolewa palepale mpakani. Kwa Zambia na Malawi kumbuka kwamba Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, hivyo cheti kinachokufaa ni cha SADC, jumuiya ya Kusini mwa Afrika. Dereva wa Tunduma asiyejua tofauti hiyo atakuuliza kwa nini wenzake wanapita na wewe hupiti.

Kenya, tangu Machi 2021, inataka pia mwagizaji awe amesajiliwa na mamlaka yake ya kilimo, AFA. Omba uthibitisho wa usajili huo kwa maandishi. Mnunuzi anayekwepa ombi hili anakupa taarifa muhimu bila kukusudia.

Hatua ya 8: Mkataba na pesa

Mkataba wa kurasa mbili unatosha. Uandikwe: kiasi kwa kilo, daraja, unyevu na sumukuvu ya juu inayokubalika, bei kwa kilo na sarafu yake, mahali pa kukabidhi, nani analipia nauli na siku za kusubiri, kipimo cha nani ni cha mwisho, malipo lini na kwa njia gani, na nini kitatokea serikali yoyote ikifunga mpaka.

Kuhusu mahali pa kukabidhi, nashauri anayeanza auzie ghalani kwake. Bei itakuwa chini, lakini barabara, mizani na foleni ni za mnunuzi. Baada ya misimu miwili mitatu, ukishajua njia na watu, sogea mpakani. Kumpelekea mzigo mlangoni kwake kuje mwisho.

Malipo: sehemu kabla ya kupakia, zilizobaki kabla lori halijashusha. Pesa ipite benki kwenye akaunti ya chama, na meneja wa tawi athibitishe imeingia. Picha ya ujumbe wa simu si pesa. Karatasi ya benki iliyotumwa kwa WhatsApp si pesa pia.

Usimchukie dalali kwa jumla. Dalali mzuri anajua kinu gani kinalipa na kipi kinasumbua, na kamisheni yake ni halali ikiandikwa. Tatizo ni yule anayeomba mahindi kwa mkopo "nikafike tu", au anayenunua shamba zima Februari kwa mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa. Kama kikundi kinaweza kupata mkopo kwa dhamana ya mahindi yaliyo ghalani, kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani au SACCOS, wanachama wengi hawatalazimika kuuza wakati ambao kila mtu anauza.

Hatua ya 9: Siku ya kupakia na njiani

Pima lori tupu na lori lenye mzigo. Hesabu mifuko ukiwa na mtu wa upande wa pili, wote msaini. Sakafu ya bodi la lori iwe kavu na safi, isiyonuka mbolea wala dizeli. Turubai la juu lisiwe na tundu. Mvua moja ya Mikumi inatosha kurudisha unyevu uliouhangaikia wiki tatu. Usizidishe uzito, mizani ya barabarani haina huruma na faini ni ya kumaliza faida.

Mtume mtu wa kikundi aende na mzigo wa kwanza. Anachojifunza mpakani kwa siku mbili, nani anasaini nini, saa ngapi mfumo huwa mzito, wakala gani hupokea simu, hakifundishwi kwenye semina.

Hatua ya 10: Mpaka ukifungwa mzigo ukiwa njiani

Kwanza soma tangazo lenyewe, si ujumbe wa kusambazwa. Angalia kama linahusu punje tu au na unga, mahindi yote au yasiyo na cheti, na kama vibali vilivyokwishatolewa vinaendelea. Mwaka 2021 aliyekuwa na majibu ya maabara mkononi alikuwa na cha kuonyesha masharti mapya yalipotoka.

Pili, simamisha upakiaji wa malori yanayofuata saa hiyohiyo. Lori moja lililokwama ni hasara. Manne ni kufilisika kwa chama.

Tatu, mpigie mnunuzi na mwenye gari, mkubaliane kwa maandishi siku za kusubiri zinaanza kuhesabiwa lini na nani analipa. Weka ukomo, tuseme siku tatu. Zikipita, shusha kwenye ghala la karibu. Kuendelea kulilipa lori liwe ghala lako ndiyo namna ghali kuliko zote ya kuhifadhi mahindi.

Nne, fungua ile akiba ya Hatua ya 2: viwanda vya kusaga vya Arusha au Dar es Salaam, NFRA, au kusaga na kuomba kibali cha unga. Mahindi yaliyoshushwa yapimwe unyevu upya baada ya siku kumi, maana yamelala chini ya turubai kwenye jua, joto limepanda ndani ya mifuko, na ile asilimia 13.5 ya ghalani kwenu huenda si ya leo.